Maneno kufanana sio undugu: pesa na peso, saba na sheva, mvua na mbula (uzi mrefu kidogo)

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu.

Kila baada ya muda anaibuka mtu na uzi wa "kabila letu limetoka Israel", ushahidi wenyewe maneno matano sita ya kikwao yanayofanana na ya Kiebrania, watu wanamwaga laiki, wengine nao wanaleta ya kwao, ikifika usiku wa manane nusu ya makabila ya Tanzania yameshahamia Yerusalemu. Sina tatizo na mtu kupenda asili yake. Tatizo langu ni hiyo namna ya kuthibitisha. Maneno mawili yakifanana kuna mambo matatu yanawezekana: yamerithiwa kutoka lugha moja ya zamani, au lugha moja imekopa kwa nyingine (saa nyingine zote mbili zimekopa kwa mtu wa tatu), au imetokea tu. Kwa kuyaangalia machoni huwezi kujua ni lipi, lazima uulize neno limepita njia gani mpaka kufika hapo.

Tuanze na mfukoni maana huko kila mtu anakujua. Pesa. Nshaona mtu anabisha kwa herufi kubwa kwamba pesa ni ile ile peso ya Mexico na Ufilipino. Ukiangalia tu, kweli, herufi moja ndo tofauti. Lakini pesa yetu imetoka India, paisa, imekuja na wafanyabiashara na vile visarafu vya shaba vilivyokuwa vinazunguka pwani karne ya 19. Ndugu yake mwingine yuko Oman mpaka leo, rial moja ni baisa 1000. Wajerumani walipokuja hawakubadilisha jina, kuanzia 1890 wakagonga sarafu yao wakaiita pesa, 64 kwa rupia moja, hesabu ile ile ya kihindi. Peso ni ya Kihispania na maana yake ni uzito, inatoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kupima kwa mizani. Sasa anayeshangaza ni huyu: ndugu halisi wa peso ni paundi ya Mwingereza, ambayo wala haifanani nayo, ila nayo imetoka kwenye kitenzi kile kile cha kupima uzito. Yaani wanaofanana sio ndugu, na ndugu hawafanani.

Na hela je? 1904 Wajerumani wakaachana na zile pesa 64 wakaweka rupia moja kwa Heller 100. Wajerumani wakaondoka, rupia ikaondoka, Heller ikabaki midomoni mwetu, hela, na watu wengi huku bara wanaitumia kuliko pesa. Hilo jina Heller linatokana na mji wa Hall huko kusini mwa Ujerumani ambako zilikuwa zinagongwa. Dola nayo ni hivyo hivyo, ni Thaler, kifupi cha Joachimsthaler, sarafu ya fedha iliyogongwa Joachimsthal miaka ya 1500 na kitu, mji ambao leo uko Czech na unaitwa Jáchymov. Kwa hiyo ukisema "nina hela nyingi ila sina dola" umetaja vimiji viwili vya Ulaya.

Turudi Israel sasa maana ndo kilichonileta. Hoja yao kubwa huwa ni hii: saba kwa Kiebrania ni sheva, nafsi ni nefesh, salama ni shalom, roho ni ruach, damu ni dam. Kufanana kupo, sibishi hata kidogo. Ila angalia hiyo S. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa damu, na kwenye maneno mengi waliyorithi pamoja, palipo na S kwa Mwarabu pana SH kwa Myahudi. Mwarabu sab'a, Myahudi sheva. Mwarabu nafs, Myahudi nefesh. Mwarabu salam, Myahudi shalom. Ulimi Mwarabu lisan, Myahudi lashon. Haya, sisi tunasema saba au sheva? Nafsi au nefeshi? Kila mahali tumebeba S ya Mwarabu. Maana yake maneno haya yalishuka kwenye majahazi kutoka Arabuni, hayakutembea na babu zetu kutoka Yerusalemu. Undugu uliopo hapo ni wa Mwarabu na Myahudi, sisi tulikopa kwa mmoja wao na ndo maana tunafanana na wote wawili.

Halafu huko kwenye namba kuna ushahidi mwingine umekaa wazi. Mbili, tatu, nne, tano, nane, kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa za Kiarabu. Zile za asili zilikuwepo, sita ilikuwa tandatu, saba mfungate, tisa kenda (Wakikuyu mpaka leo tisa ni kenda). Mfungate imekufa kwenye hesabu ila ipo kwenye harusi, fungate, zile siku saba za maharusi kukaa ndani. Sasa kama saba tungekuja nayo kutoka kwa Suleimani, hiyo mfungate tulikuwa tunaifanyia nini?

Nitaendelea na gereza, naenda kula kwanza.

#2

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu utawaumiza watu humu, kuna mtu ameshanunua na bendera ya Israel.

#3

Umewasahau Wajapani. Mimi kwao ni sikio. Saba ni samaki. Na kuna mji mkubwa kabisa unaitwa Kumamoto na watu wake wanaishi kwa amani tu. Hapo asili yetu ni Tokyo au?

#4 Mleta uzi

Nimerudi. Mkuu #3, hiyo nusu ya kwanza ya jina la huo mji kwa Kijapani ni dubu na nusu ya pili ni asili au chanzo, nakuandikia hivyo maana nikiitenganisha modi atanilamba ban ya wiki.

Wajapani ndo mfano mzuri kabisa wa mambo ya kutokea tu. Angalia wana irabu gani: a, e, i, o, u, tano kama sisi. Silabi zao karibu zote zinaishia na irabu kama zetu. Sasa lugha mbili zenye maelfu ya maneno, zote zinatengeneza maneno ya ka-ta, mo-to, mi-mi, zisigongane zitakwepea wapi? Cha kushangaza kingekuwa zisifanane kabisa. Na utaona maana hazihusiani hata kidogo, mimi na sikio wapi na wapi.

Ila saa nyingine bahati inaleta mpaka maana. Kiajemi "bad" ni mbaya, Kiingereza "bad" ni mbaya, na hawajakopeshana. Huko Australia kulikuwa na lugha ya wenyeji inaitwa Mbabaram, mwanaisimu R. M. W. Dixon alienda kuirekodi kwa wazee wachache waliobaki, akauliza mbwa mnamwitaje, akajibiwa "dog". Hata ungekuwa wewe ungesema huyu mzee kaokota kwa wazungu. Ila Dixon alivyolinganisha na lugha za jirani akakuta mbwa ni gudaga, na Mbabaram ina tabia ya kumeza silabi za mwanzo na za mwisho wa neno, gudaga ikakonda mpaka ikabaki dog. Neno la kwao kabisa.

Sasa hao hao Wajapani. Kuna watu wanasema arigato yao ni obrigado ya Wareno. Mreno kafika Japan 1543, arigato mizizi yake ni ya Kijapani na ya zamani kuliko hapo. Imetokea tu. Lakini mkate kwa Kijapani ni pan, na hiyo kweli ni ya Mreno, pão. Lugha mbili zile zile, neno moja bahati, lingine mkopo. Ndo maana nasema uulize neno moja moja, usitoe hukumu ya jumla.

Gereza sasa. Hii naipenda kuliko zote humu. Mreno kanisa anaita igreja. Alifika kwetu na alifika nchi ya Wamalei huko Asia, mji wa Malacca kauteka 1511, na kote alikopita alijenga ngome na ndani ya ngome anaweka kanisa. Ukienda Indonesia leo kanisa ni gereja, neno limetulia na maana yake. Kwetu neno likahama kutoka kwenye kanisa likaenda kwenye ngome yenyewe, na ushahidi uko Kilwa Kisiwani, ile ngome pale baharini ambayo Wareno waliianza 1505 na Waomani wakaja kuijenga upya, jina lake mpaka leo ni Gereza. Ngome ina kuta nene, ina mlango mmoja, ina walinzi, mtu akikosea anafungiwa humo, basi taratibu gereza ikawa pa kufungia watu. Fort Jesus ya Mombasa iliyoanza kujengwa 1593 na yenyewe ilikuwa na kanisa ndani, na Waingereza wakaja kuifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Mwindonesia akikwambia Jumapili anaenda gereja usimwonee huruma.

Bendera nayo hivyo hivyo, kwetu bendera, kwa Wamalei na Waindonesia bendera, herufi kwa herufi, wote tumeokota kwa Mreno, bandeira. Meza yetu kwao ni meja. Mtu asiyejua historia ya Mreno angesema Waswahili na Waindonesia ni kabila moja. Na ukichanganya na zile za Kiarabu tunazochangia, dunia, waktu, kabar (habari), anaweza kuandika kitabu kizima cha uongo.

#5

Na kanisa je? Kuna mchungaji kasema inatoka neno moja na Knesset, bunge la Israel. Au na yeye kapigwa?

#6 Mleta uzi

Hapo mchungaji yuko sahihi, mpeni haki yake. Kanisa tumelipata kwa Mwarabu, kanisa, na Mwarabu kalipata kwa watu wa Kiaramu, na huko mzizi wake ni kukusanya. Knesset ni Kiebrania, mzizi huo huo wa k-n-s, mkusanyiko. Na ile igreja ya Mreno ukiifuatilia nyuma inakupeleka Kilatini ecclesia, halafu Kigiriki ekklesia, ambayo nayo ni mkutano wa watu. Kwa hiyo gereza na kanisa kwa Kiswahili, ukirudi nyuma kabisa, yote mawili ni mkutano, ila kila moja limepanda jahazi lake.

Ila ona hapa pia, undugu ni wa kanisa na Knesset. Haujafanya Mnyakyusa kuwa Mlawi.

#7

Miye niko Kinshasa ila nimekulia Lubumbashi. Kwa Lingala moto ni mtu! Bato ni watu. Rafiki yangu wa Dar alikuja hapa akasikia "moto oyo" akaruka kitini akitafuta moto uko wapi.

#8 Mleta uzi

Asante ndugu, hii ilikuwa inakosekana. Hiyo moto ya mtu ni ndugu wa damu wa mtu. Sisi mtu, Wazulu umuntu, Wakikuyu mũndũ, Washona munhu, Wasotho motho, nyinyi moto, wote wamerithi kutoka lugha moja ya zamani na hayo matawi ndo mwanaisimu Wilhelm Bleek aliyoyaita Bantu karne ya 19, jina lenyewe kalitoa kwenye neno la watu. Na nyinyi huko Lingala moto wa kuunguza nao upo, na kichwa nacho ni moto, tofauti iko kwenye matamshi na kupandisha sauti, kwenye maandishi ya simu zote zinaonekana moja. Kwa hiyo jamaa yako wa Dar aliruka kwa sababu ya moto iliyofanana na ya kwake, kumbe iliyokuwa inaitwa pale ni ndugu wa "mtu" ambayo wala hakuitambua.

#9

Sasa mkuu hapo kwa mama na baba utajibu nini? Dunia nzima mama ni mama. Mchina baba, Mturuki baba, sisi baba. Hiyo si ushahidi wa lugha moja ya Adamu?

#10 Mleta uzi

Mtoto mchanga anaanza na midomo, anafungua anafumba, kinachotoka ni ma, ba, pa. Hajamwita mtu yeyote, anacheza na mdomo. Ni mzazi ndo anaruka "kaniita, kaniita!" na kila mzazi anajigawia. Mwanaisimu Roman Jakobson aliliandikia hili kitambo. Na kwa kuwa ni kujigawia, si lazima wagawane sawa: Georgia, ile ya karibu na Urusi, mama ni BABA. Mama mzazi ni deda. Warusi baba ni mwanamke, na bibi ni babushka. Kama ni lugha ya Adamu basi Georgia walikuwa wamelala siku ya kugawa.

#11

Sie wa Unguja tunasema skuli, nyie wa bara mnasema shule halafu mnatucheka kwamba tumechukua Kiingereza kizima kizima. Haya sema na hapa tujue nani wa kuchekwa.

#12 Mleta uzi

Haha wote. Shule ni Kijerumani, Schule, na bara ndo walikokuwa Wajerumani. Nyinyi mlikuwa chini ya Mwingereza tangu 1890 mkachukua school yake. Zote mbili mama yao ni schola ya Kilatini iliyotoka Kigiriki, na kule kwa Wagiriki mwanzoni ilikuwa na maana ya muda wa kupumzika, mtu asiye na kazi ndo anapata nafasi ya kukaa na kujadiliana. Waambieni wanafunzi wa bweni hiyo uone watakavyowajibu.

#13

Mleta uzi nakuheshimu ila hizi zote ni nadharia za wazungu. Jakobson, Dixon, Bleek. Wao wakisema haya yametoka lugha moja tunakubali, sisi tukisema tumetoka Israel mnataka ushahidi. Nani kawapa rula?

#14 Mleta uzi

Swali la haki. Basi wazungu tuwaweke pembeni, tufanye wenyewe humu humu na simu zetu.

Chukua maneno matatu, mvua, njaa, njia. Mlingala: mbula, nzala, nzela. Msukuma: mbula, nzala, nzila. Mnyarwanda na Mrundi: imvura, inzara, inzira. Mchewa wa Malawi: mvula, njala, njira. Mkikuyu mvua ni mbura na njia ni njĩra. Unaona nini? Wenzetu wote kuna L au R pale katikati, sisi tuna shimo. Mvu-a. Nja-a. Nji-a. Sio neno moja lililobahatika, ni shimo lile lile mahali pale pale. Kuzaa kwetu, Waganda okuzaala. Kukaa kwetu, Wachewa kukhala. Kuvaa kwetu, kwao kuvala. Bahati haina adabu ya namna hiyo, na mkopo pia hauji hivi, maana haya ni maneno ya mvua na njaa na kuzaa, vitu ambavyo kila mtu alikuwa navyo nyumbani kwake bila kwenda dukani.

Ila hapo bado unaweza kuniambia pengine sisi hatukuwa na L, wenzetu ndo wameiongeza. Sawa. Sasa wewe mwenyewe, bila kitabu, geuza "zaa" iwe ya kutendwa. Umesema nini? Zaliwa. Hiyo L imetoka wapi? Vaa, valiwa. Kaa, kaliwa. Nunua, nunuliwa. Chukua, chukuliwa. Kataa, kataliwa. Mzalendo je, si ni kwenye kuzaa hiyo hiyo? L ipo, haijawahi kuondoka nyumbani, inajificha neno likiishia hapo na inatoka ukiongeza kitu mbele yake. Bibi yako asiyejua kusoma anaitumia kila siku. Imezoeleka mpaka "sahau", ambayo ni ya Kiarabu na haikuwa na L yoyote, nayo tumeibandika: sahauliwa.

Hiyo ndo rula. Nipe na wewe ya Israel iwe hivyo: chagua sauti moja ya Kiebrania, nionyeshe kila inapotokea inalingana na sauti fulani ya kikwenu, kwenye maneno ya kawaida ya nyumbani kama jiwe, maji, mguu, kula, kufa, na isiwe maneno yaliyopitia kwa Mwarabu au kwenye Biblia. Nitakaa kimya na nitakununulia soda.

#15

Aisee nimejaribu zaa zaliwa hapa kwenye daladala kwa sauti, konda ananiangalia.

#16

Mimi ni wa Kigoma, Kiha chetu mvua ni imvura pia, njaa ni inzara. Kwa hiyo tuko na Warundi kwenye hilo kundi la R.

#17 Mleta uzi

Safi, Waha mko sawa na majirani zenu. Sasa wanaobaki. Wachaga wa Machame na wa Rombo, najua mnatofautiana, kila mmoja aweke ya kwao ya mvua, njaa na njia. Wahaya na Wanyambo, wekeni na nyinyi ya mvua na njaa tuone L au R iko wapi. Wamakonde na Wayao sijawaona humu kabisa. Wagiriama na Wadigo wa huko Kenya nyinyi ndo nawasubiri kwa hamu, maana ni ndugu wa karibu kabisa wa Kiswahili na nataka kuona kama mmeimeza L kama sisi au bado mnayo. Andikeni na wilaya, maana lafudhi zinabadilika.